Hamira inavyotumika kutafuta protini zinazoshikana: jibu kwa msomaji wa Ujiji

Msomaji wetu wa Ujiji, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa baiolojia aliyerudi nyumbani kwa likizo, ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mihogo ya babu yangu huko Kasulu imeoza ndani kwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mhadhiri wetu alitueleza kwamba protini za mmea ambazo virusi huzishika zinaweza kutafutwa kwa chachu, hii hii hamira ya maandazi. Sikuelewa. Hamira inajuaje kwamba protini mbili zimeshikana, nayo haina udugu wowote na muhogo? Na koloni mia mbili zikiota kwenye sahani, mtu anajuaje zipi ni za kweli? Ningependa kufanya kazi hii katika mradi wangu wa mwaka wa mwisho."

Marahaba, binti yangu, na umfikishie babu pole zangu. Nimeishi Tabora miaka mingi na ninajua mtu aliyelima ekari mbili za muhogo anavyojisikia anapokata kiazi kilichoonekana kizima kwa nje akakuta ndani kimekauka na kuwa kahawia kama kizibo. Maswali yako ni mawili, na nitayajibu yote, ingawa nakwambia mapema kwamba la pili ndilo zito. La kwanza linaeleweka kwa mtu yeyote mwenye subira ya nusu saa, lakini la pili limewashinda hata watu waliokwisha kupata shahada zao.

Tuanze na kiini cha shida yenyewe. Kirusi cha michirizi ya kahawia kina uzi wa RNA wenye herufi takribani 9,000 tu, na uzi huo unatoa protini kama kumi. Kwa mali kidogo namna hiyo hakiwezi kujitegemea. Kila hatua ya maisha yake, tangu kujinakili, kujikinga na ulinzi wa mmea, hadi kuhama kutoka seli moja kwenda nyingine, kinaifanya kwa kuzishika protini za muhogo na kuzitumikisha. Muhogo nao una makumi ya maelfu ya jeni. Kwa hiyo swali la mtafiti linakuwa hili: katika makumi ya maelfu haya, protini ya kirusi ninayoichunguza inaishika ipi? Kuzitengeneza zote, kuzisafisha na kuzijaribu mojamoja kwenye chupa ni kazi isiyokwisha. Inabidi ipatikane njia ya kuzijaribu zote kwa pamoja, na ile iliyoshika ijitokeze yenyewe.

Njia hiyo ilitokana na jambo dogo ambalo chachu hulifanya kila siku. Chachu ikikuta sukari iitwayo galaktosi huwasha jeni za kuisaga, na anayeziwasha ni protini iitwayo GAL4, mnyororo wa asidi amino 881. Protini hii ina sehemu mbili zenye kazi tofauti kabisa. Asidi amino 147 za mwanzo zinatambua mahali maalumu kwenye DNA, mbele ya jeni inayotakiwa kuwashwa, na kupashika. Kipande cha mwisho, kuanzia asidi amino ya 768 hadi ya 881, kinaita mashine ya kunakili jeni ije ifanye kazi. Fikiria watu wawili katika giza: mmoja ameushika mlango lakini ni bubu, mwingine ana sauti kubwa lakini hajui mlango ulipo. Wakiwa mwili mmoja, mlango unafunguliwa. Ukiwatenganisha, bubu ataendelea kushika mlango kimya na mwenye sauti ataita mahali pasipo na mlango, na jeni itabaki imelala.

Mwaka 1985 Roger Brent na Mark Ptashne walionyesha kwamba kazi hizi mbili kweli zinatengana, kwani walichukua protini ya bakteria inayojua kushika DNA, LexA, wakaiunganisha na GAL4, na muungano huo ukawasha jeni ndani ya chachu iliyowekewa mbele yake alama ya DNA ambayo LexA huishika. Miaka minne baadaye, mwaka 1989, Stanley Fields na Ok-kyu Song wakapiga hatua ambayo mimi huiona kuwa miongoni mwa hatua nzuri kuliko zote katika baiolojia ya karne iliyopita. Walijiuliza: je, ni lazima vipande hivyo viwili viunganishwe kwa mnyororo mmoja? Vipi kama kila kimoja kitabebeshwa protini nyingine, halafu protini hizo mbili zikashikana zenyewe? Wakachukua protini mbili za chachu zilizojulikana kuwa zinashirikiana, SNF1 na SNF4, moja wakaifunga kwenye kipande kinachoshika DNA, ya pili kwenye kipande kinachoita. Jeni ikawaka. Bubu na mwenye sauti hawakuwa mwili mmoja tena, bali mizigo waliyobeba ilikuwa imenasana, na hilo lilitosha kuifikisha sauti mlangoni.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Hamira haijui lolote kuhusu muhogo wala kirusi, na haihitaji kujua. Kinachotokea ni kwamba tumeiondolea GAL4 yake yenyewe, tukairudishia ikiwa vipande viwili, na kila kipande tukakibebesha mgeni. Wageni hao wakishikana ndani ya kiini cha seli, GAL4 inapatikana upya. Wasiposhikana, haipatikani.

Wataalamu humwita mgeni wa kwanza chambo na wa pili windo, na kwa mtu aliyekulia jirani na mwalo wa Kibirizi majina hayo hayahitaji maelezo marefu. Protini ya kirusi, ambayo tunaijua na tuna hamu nayo, ndiyo chambo. Imefungwa kwenye kipande kinachoshika DNA. Mawindo ni protini zote za muhogo tunazoweza kuzipata, kila moja imefungwa kwenye kipande kinachoita. Seli moja ya chachu hupewa chambo kilekile na windo moja kati ya maelfu, na seli zikiwa mamilioni, kila moja inakuwa ndoano yake.

Sasa, tutaonaje ndoano iliyonasa? Kwa njaa. Chachu za maabara tunazotumia zimeharibiwa kwa makusudi jeni kadhaa za kujitengenezea chakula, hivyo zinategemea tuzipatie histidini, adenini, leusini na triptofani. Jeni ya leusini inarudishwa pamoja na plasmidi ya windo, yaani kiduara kidogo cha DNA kinachoibeba jeni yake, na ya triptofani pamoja na plasmidi ya chambo, kwa hiyo seli inayoota kwenye agari (jeli ya kukuzia chachu) isiyo na leusini wala triptofani inatuambia kwamba imepokea vyote viwili na hakuna zaidi ya hapo. Jeni ya histidini, HIS3, na ile ya adenini, ADE2, tunaziweka chini ya mlango wa GAL4. Seli ambayo chambo na windo lake vimeshikana itajitengenezea histidini na adenini na kuota. Jirani yake ambaye hakunasa kitu atakaa palepale bila kugawanyika. Hatumchagui mshindi kwa kumtazama kwa darubini, tunawanyima chakula milioni nzima na kusubiri atakayeota.

Ningependa uione sahani yenyewe, maana picha za vitabuni hazisemi kila kitu. Siku ya kwanza na ya pili, kwenye joto la nyuzi 30, hakuna cha kuonekana isipokuwa ukungu mwembamba wa seli zinazokufa njaa. Siku ya tatu, ukiinua sahani na kuitazama kwa ubavu dirishani, utaona vidoti vidogo kama chembe za sukari ya unga; hivyo ndivyo koloni, kila kimoja ukoo wa seli moja. Kufikia siku ya tano vidoti vimeachana: vingine vimenenepa, vyeupe kama maziwa, vinang'aa, na vingine vimebaki vidogo vyenye rangi ya waridi. Rangi hiyo ina maana yake. Seli isiyokuwa na adenini ya kutosha inarundika ndani yake takataka nyekundu ya njia ya kutengenezea adenini, njia iliyokwama katikati. Kwa hiyo koloni jeupe nono linakuambia kwamba ADE2 imewaka vizuri, na la waridi linakuambia kwamba inawaka kwa kusitasita. Mtu aliyezoea hujua mengi kabla hajashika pipeti.

Kuhusu namna ya kuzipata hizo seli mamilioni nitasema kwa ufupi, maana taratibu zake utazikuta katika mwongozo wowote wa maabara. Plasmidi huingizwa kwenye chachu kwa kuzilegeza seli kwa chumvi ya lithiamu na polietilini glikoli, pamoja na DNA ya mbegu za samaki aina ya salmoni iliyochemshwa ili kusindikiza, kisha seli zinashtuliwa kwa joto la nyuzi 42. Njia ninayoipenda zaidi kwa utafutaji mkubwa ni ya kuzifungisha ndoa chachu zenyewe. Chachu zina jinsia mbili. Moja inabeba chambo, nyingine inabeba maktaba nzima ya mawindo iliyotayarishwa mapema na kuhifadhiwa kwenye barafu ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Unazichanganya usiku kucha, zinaungana zenyewe, na asubuhi kila seli iliyotokana na ndoa hiyo ina chambo na windo.

Hesabu ya maktaba, hata hivyo, sitaipita haraka, kwa sababu ndiyo inayoamua kama umetafuta au umebahatisha. Maktaba hutengenezwa kwa kunakili RNA za mmea kuwa DNA na kuzibandika kwenye plasmidi. DNA husomwa herufi tatutatu, hivyo kipande kilichobandikwa bila mpango kina nafasi moja kati ya tatu ya kusomwa sawasawa. Nafasi mbili zilizobaki zinatoa upuuzi. Chukua protini ambayo RNA yake ni nadra, moja kati ya 100,000. Ukizidisha kwa tatu unapata kwamba nakala moja tu kati ya 300,000 ndiyo inayoibeba protini hiyo ikiwa sahihi. Ukichunguza seli 300,000 hasa, uwezekano wa kuikosa kabisa bado unazidi theluthi moja. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba imepita mbele ya chambo chako angalau mara moja, lazima uchunguze mara tatu ya hapo, yaani seli 900,000. Mtu anayekwambia ametafuta katika maktaba nzima, muulize kwanza ni seli ngapi zilizopata plasmidi zote mbili. Namba hiyo hupatikana kwa kupanda sehemu ndogo ya mchanganyiko kwenye agari isiyo na leusini na triptofani na kuhesabu koloni; ni kazi ya dakika kumi, na wengi hawaifanyi.

Nije kwenye swali lako la pili, la koloni mia mbili.

Koloni kuota maana yake ni moja tu: HIS3 na ADE2 zimewaka. Zimewaka kwa nini, koloni halisemi. Sababu ya kwanza inayoweza kukudanganya iko kwenye chambo chenyewe. Zipo protini ambazo kwa maumbile yake zinaweza kuita mashine ya kunakili. Ukiifunga protini ya namna hiyo kwenye kipande kinachoshika DNA, bubu wako ameota ulimi. Ataufungua mlango peke yake, windo liwepo lisiwepo. Hili lilinipata. Nilipokuwa bado najifunza, nilipewa chambo kilichotengenezwa na mwenzangu aliyetangulia, nikaamini kwamba kimeshapimwa, nikaenda moja kwa moja kwenye maktaba. Ziliota koloni nyingi mno, nikafurahi. Wiki kumi na moja nilizitumia kutoa plasmidi, kuzisoma na kutafuta maana ya orodha isiyo na kichwa wala miguu, kabla ya mtu mmoja kuniuliza kwa upole kama nilikwisha kukipanda chambo kile pamoja na plasmidi tupu ya windo. Nilikipanda siku ileile. Siku ya nne sahani ilikuwa imejaa. Kila nilichokuwa nimekivua kilikuwa si kitu, kwa sababu chambo kilikuwa kinajiwashia chenyewe.

Kwa hiyo, kabla hujagusa maktaba, panda chambo peke yake na plasmidi tupu kwenye agari isiyo na histidini. HIS3 huvuja kidogo hata bila kuwashwa, na kwa sababu hiyo tunatumia aminotriazoli, kemikali inayokizuia kimeng'enya cha HIS3; unapanda sahani kadhaa zenye viwango vinavyopanda, tuseme kuanzia milimola 1 hadi 50, na kuchagua kiwango kidogo kabisa kinachonyamazisha chambo. Kisipotosha, kata ile sehemu ya chambo inayoita, au geuza: chambo kiwe windo. Na hakikisha pia kwamba protini yako inatengenezwa kweli na haiidhuru chachu, maana chambo kisichokuwepo nacho hunyamaza vizuri sana.

Sababu ya pili ni mawindo yanayonata. Kuna protini, hasa zile za kukunja protini nyingine zinapopata joto na baadhi ya protini za ribosomu, ambazo hujitokeza karibu katika kila utafutaji, chambo kiwe cha kirusi, cha binadamu au cha mchele. Ukiziona kwenye orodha yako usizifute, lakini usizijengee hoja mapema. Ya tatu ni kwamba seli moja ya chachu inaweza kuwa imebeba plasmidi mbili au tatu za mawindo tofauti, moja ikiwa ndiyo iliyonasa na nyingine abiria tu. Ukimsoma abiria, umemkamata asiyehusika. Ya nne ni kipande kilichosomwa nje ya mpangilio wa herufi tatutatu, kikatoa mnyororo wa asidi amino usiopo katika mmea wowote duniani lakini ambao kwa bahati unanata.

Dawa ya yote haya ni kurudia, na kurudia kwa mpango. Unaitoa plasmidi ya windo kwenye chachu, unaipitisha kwenye bakteria ili kila koloni la bakteria libaki na aina moja tu, unaisoma herufi kwa herufi ukiangalia kama imeungana sawasawa na kipande kinachoita, kisha unairudisha kwenye chachu mpya kabisa mara tatu: pamoja na chambo chako, pamoja na plasmidi tupu, na pamoja na chambo kisichohusika. Pembeni unaweka jozi inayojulikana kushikana, kama p53 na antijeni kubwa T ya kirusi SV40, na jozi inayojulikana kutoshikana, ambapo wengi hutumia lamini mahali pa p53. Windo linaloota na chambo chako peke yake ndilo linalobaki mezani. Usishangae ikiwa koloni mia mbili zimebaki kumi na tano.

Hata hizo kumi na tano bado si ukweli wa mmea. Huu ndio msimamo wangu, na ndiyo sababu nimekubali kuandika jibu refu hivi: chachu imekuonyesha kwamba protini hizi mbili zinaweza kushikana zikilazimishwa kukaa pamoja ndani ya kiini cha chachu. Kwenye jani la muhogo huenda moja inaishi ndani ya kloroplasti na nyingine kwenye ukuta wa seli, zisionane maisha yao yote. Ndiyo maana unahitaji ushahidi wa aina nyingine kabisa, usiotegemea chachu wala GAL4. Unaweza kuivuta protini moja kwa kingamwili kutoka kwenye maji ya jani lililosagwa na kuangalia kama ya pili imefuatana nayo. Unaweza pia kuigawa nusu kwa nusu protini inayong'aa njano, kila nusu ukaifunga kwenye mmoja wa washirika wako, na kuziingiza kwenye jani. Pale washirika wanapokutana nusu hizo zinaungana na darubini inaonyesha mng'ao, tena mahali hasa zinapokutana ndani ya seli. Mmea unaotumika sana kwa jaribio hilo ni Nicotiana benthamiana, ndugu wa tumbaku hii inayolimwa kwetu Urambo na Sikonge, na mtu wa Tabora akiliona jani lake hatachelewa kuutambua undugu huo.

Kosa la upande wa pili, yaani kukosa kilichopo, halizungumzwi vya kutosha. Protini inayokaa ndani ya utando wa seli haiwezi kuingia kwenye kiini na kuwa chambo kizuri. Mshikano unaohitaji alama ya fosfeti ambayo chachu haiweki hautatokea. Mshikano unaohitaji mtu wa tatu ambaye chachu hana hautaonekana. Na wakati mwingine kipande cha GAL4 kimefungwa upande uleule ambao mwenzake angeshika. Kwa protini za utando ilitafutwa njia nyingine, iliyotokana na kazi ya Nils Johnsson na Alexander Varshavsky ya mwaka 1994, ambamo kinachogawanywa nusu si GAL4 bali ubikwitini, protini ndogo ya asidi amino 76. Nusu zake zikikutanishwa kwenye utando, kimeng'enya cha seli kinaitambua na kukata kiwashio kilichofungwa pembeni, nacho kinakwenda kwenye kiini kuwasha jeni. Kwa hiyo sahani tupu haithibitishi kwamba protini mbili hazishikani.

Ukubwa wa tatizo hili ulionekana wazi pale makundi mawili, moja likichapisha mwaka 2000 na jingine 2001, yalipojaribu kuchora ramani ya mishikano ya protini za chachu yenyewe, ambayo ina jeni takribani 6,000. Yote mawili yalitumia njia hii, yote yalipata mamia au maelfu ya jozi, na orodha zao zilipolinganishwa jozi zilizofanana zilikuwa chache. Wapo waliosema njia imeshindwa. Mimi nadhani somo ni tofauti: kila utafutaji ulikuwa umevua sehemu tu ya ziwa. Mwaka 2005 kazi kama hiyo ilifanywa kwa Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria tunachokifahamu mno sisi wa ukanda huu, ikapata jozi 2,846, na ugumu wake mkubwa ulikuwa kwamba DNA ya kimelea hicho imejaa herufi A na T kiasi kwamba chachu hushindwa kuzisoma jeni zake nyingi zikiwa nzima. Kwa binadamu, ramani iliyochapishwa mwaka 2020 ilikuwa na jozi zipatazo 53,000, na ilifikiwa kwa kurudia utafutaji mara nyingi kwa namna tofautitofauti.

Sasa nirudi kwa babu. Virusi vya familia ya michirizi ya kahawia vina protini ndogo iitwayo VPg, iliyofungwa kwenye kichwa cha RNA ya kirusi. Mwaka 1997 watafiti waliitumia VPg ya kirusi cha tanipu kama chambo katika chachu, na walichokivua ni protini ya mmea ya kundi la eIF4E, ambayo kazi yake ni kushika kofia iliyo kichwani mwa RNA ili utengenezaji wa protini uanze. Habari hiyo ilikuwa na maana kubwa: kirusi kinajifanya RNA ya mwenye nyumba. Kufikia mwaka 2002 ilikuwa imeonyeshwa kwamba mimea ya arabidopsisi, mmea mdogo unaotumika sana maabara, iliyokosa aina moja ya protini hiyo haipati ugonjwa huo wa tanipu, na kwamba jeni moja ya ukinzani iliyojulikana siku nyingi na wazalishaji wa pilipili ni jeni ya eIF4E iliyobadilika kidogo. Muhogo una protini tano za kundi hili. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba VPg za virusi vya michirizi ya kahawia zinashikana na mbili kati ya hizo, nCBP-1 na nCBP-2, na jeni zote mbili zilipoharibiwa kwa uhariri wa jeni katika aina ya muhogo iitwayo 60444, dalili kwenye majani zilichelewa na kupungua, na kuoza kwa viazi kukapungua pia. Kulipungua, hakukuisha. Hilo linatuambia kwamba kirusi huenda kina mlango mwingine bado hatujaufunga, na ndiyo sababu kutafuta kunaendelea.

Kuhusu mradi wako, ushauri wangu ni kwamba usifanye utafutaji wa maktaba nzima. Mwaka mmoja wa masomo hautoshi, gharama yake ni kubwa, na maktaba iliyoko kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri inaharibika umeme ukikatika kwa muda mrefu bila jenereta. Badala yake chukua protini mbili, tatu, zilizokwisha kutajwa na wengine, na uzijaribu jozi kwa jozi katika chachu, ukibadilishana chambo na windo, kisha uzikate vipandevipande uone ni sehemu ipi hasa inayoshika. Kazi hiyo inahitaji agari, kabati la joto la nyuzi 30, plasmidi chache na mtu makini wa kuandika daftari. Ndani ya miezi mitatu au minne utakuwa na matokeo ya kueleza. Chachu unayotumia si hatari kwa mtu, lakini imebadilishwa jeni, kwa hiyo sahani zote zichemshwe kwa mvuke wa shinikizo kabla ya kutupwa, na mradi upitishwe kwanza na kamati ya usalama wa kibaiolojia ya chuo chako.

Wiki ya kwanza usitafute chochote. Panda sahani sita: chambo na plasmidi tupu, windo na plasmidi tupu, jozi inayoshikana, jozi isiyoshikana, chachu isiyo na plasmidi yoyote, na jozi yako. Zipige picha siku ya tatu, ya tano na ya saba, kwenye mwanga uleule, na uandike ukubwa na rangi ya koloni kwa maneno yako mwenyewe. Ukifika siku ya saba na sahani ya kwanza ni tupu, niandikie tena, tutaendelea kutoka hapo. Ikiwa imeota, niandikie pia, maana kiwango cha aminotriazoli kinachofaa ni jambo tunaloweza kulipanga pamoja kabla hujapoteza hata wiki moja.